Kutoka Kaseti hadi Miwani: Muziki wa Safarini Thika na Ruiru

Muziki wa safarini kati ya Thika na Ruiru ulianza kama sauti ya watu wote garini, ukaishia kuwa wimbo wa mtu mmoja. Chanzo chake kiko karibu. Gatanga, upande wa Murang'a jirani na Thika, ndiko nyumbani kwa wanamuziki mashuhuri wa Kikuyu kama D.K. Kamau na John De'Mathew, na kitovu cha biashara ya nyimbo za aina hiyo kilikuwa River Road, Nairobi. Enzi za santuri, wimbo ulihitaji mashine iliyotulia mezani, hivyo ulisikika nyumbani na kwenye baa. Matatu ziliruhusiwa rasmi kubeba abiria mwaka 1973, na kaseti zilipoenea katika miaka ya 1980, chaguo la dereva likawa burudani ya gari zima.

Sony ilikuwa imetoa Walkman Julai 1979. Kicheza kaseti hicho kilifungwa kiunoni na kupeleka sauti kwenye masikio ya mwenyewe tu. Kilikula betri, ndiyo maana wengi walirudisha utepe nyuma kwa kuzungusha kaseti kwenye bairo. Kwa mkimbiaji kilikuwa mzigo, na mtikisiko ulivuruga mwendo wa utepe. Tatizo hilo lilitatuliwa mwaka 1998, kampuni ya Saehan ya Korea Kusini ilipouza MPMan, kicheza MP3 kilichohifadhi nyimbo kwenye kumbukumbu isiyo na sehemu inayozunguka.

Mwishoni mwa mwaka 2004 kampuni ya Oakley ya Marekani iliunganisha kumbukumbu ya aina hiyo na miwani ya jua ya michezo, ikaiita Thump. Vitufe na betri vilikaa kwenye mikono ya fremu, na vipokea sauti vilining'inia kutoka humo hadi masikioni. Nyimbo ziliingizwa kwa waya kutoka kwenye kompyuta. Miwani yenye MB 128 iliuzwa dola 395, zaidi ya shilingi 30,000 za Kenya kwa kiwango cha wakati huo, na ilibeba nyimbo 30 hivi. Ile ya MB 256 iliuzwa dola 495.

Bei haikuwa kikwazo pekee. Wakimbiaji wengi wa Kenya huanza mazoezi alfajiri, kabla jua halijawa kali, hivyo hawahitaji miwani ya jua. Isitoshe, simu zilianza kucheza nyimbo kutoka kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu, na kifaa cha pili kikakosa kazi.

Novemba 2012 Rais Mwai Kibaki alifungua barabara kuu ya Thika, yenye urefu wa kilomita 50 hivi, inayopitia Ruiru na Juja. Kwenye barabara ya magari yaendayo kasi, anayekimbia au kuendesha baiskeli akiwa ameziba masikio hasikii honi ya bodaboda inayomjia nyuma. Miwani ya kizazi kipya inapunguza hatari hiyo. Frames za Bose, zilizoingia sokoni mwaka 2019, na Frames Tempo za wanamichezo zilizofuata mwaka 2020, zina spika ndogo ndani ya mikono ya fremu. Masikio hubaki wazi, na miwani haihifadhi wimbo wowote: hupokea sauti kutoka kwenye simu kwa Bluetooth.

Katika mashindano, hata hivyo, miwani hiyo haina nafasi. Kanuni za riadha za dunia huhesabu redio na vicheza muziki kuwa msaada usioruhusiwa katika eneo la mashindano. Kanuni hiyo inawagusa wanariadha wa Idara ya Magereza, ambayo chuo chake cha mafunzo kiko Ruiru. Idara hiyo ndiyo iliyomlea Catherine Ndereba, aliyeweka rekodi ya dunia ya marathoni ya wanawake ya saa 2:18:47 huko Chicago mwaka 2001. Kwa hiyo miwani ya muziki imebaki kifaa cha mazoezi na matembezi.