Baiskeli ya Kulalia

Baiskeli ambayo mwendeshaji hujilaza, mgongo kitini na miguu mbele. Mwili ukiwa chini, upepo hauna pakubwa pa kuugonga.

Faida hiyo ilidhihirika Paris tarehe 7 Julai 1933. Francis Faure, akiendesha baiskeli ya kulalia iliyobuniwa na Charles Mochet, alikwenda kilomita 45.055 kwa saa moja na kuivunja rekodi ya tangu 1914. Mwaka uliofuata chama cha kimataifa cha baiskeli, UCI, kikaipiga baiskeli hiyo marufuku katika mashindano yake, uamuzi uliodumaza ubunifu mzuri. Marufuku hiyo ingalipo: hata mwendeshaji Charles Kagimu wa Uganda alishindana Olimpiki ya 2024, zaidi ya kilomita 270, kwa baiskeli ya kawaida.

Mbio zisizo za UCI huipokea. Huko Sebring, Florida, waendeshaji wamezunguka saa 24; viganja na makalio hupumzika, ila shingo hukaza na vidole vya miguu hufa ganzi.

Vilima vya Kampala havimpendelei mwendeshaji wake: hawezi kusimama juu ya pedali, na katikati ya bodaboda haonekani. Jamaa wa baiskeli hii anayefahamika zaidi jijini ni baiskeli ya magurudumu matatu ya watu wenye ulemavu wa miguu, inayozungushwa kwa mikono. Mashindano ya baiskeli za mikono yaliingia Paralimpiki mwaka 2004.