"Mu" na "Ku" za Minago: Historia Nyuma ya Wino Mwekundu

Makala haya yametokana na kosa nililolisahihisha miaka kadhaa iliyopita, ambalo leo sina hakika kama lilikuwa kosa. Mwanafunzi wangu mmoja, mzaliwa wa Minago, kando ya barabara iendayo Rumonge kutoka Bujumbura, aliandika katika insha: "Baba yuko mu ziwa." Nilikata kwa wino mwekundu, nikaandika "ziwani". Baada ya kipindi akanijia: "Mwalimu, sasa msomaji atajuaje kama baba anavua majini au amesimama tu ufukoni?"

Kwa familia ya mvuvi wa ndagala, usiku wa upepo mkali, hilo si swali dogo.

Itakumbukwa kwamba Kiswahili kilifika ufuko huu kupitia Ujiji, kituo cha wafanyabiashara wa pwani ambacho Burton na Speke walikikuta mwaka 1858. Waliokipokea walikuwa na lugha zao, Kirundi kikiwamo, ambazo hutanguliza "mu" na "ku" mbele ya nomino. Wakaendelea hivyohivyo. Ng'ambo ya ziwa, Uvira, na hata Lubumbashi, utasikia vivyo hivyo. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulichagua Kiunguja, chenye kiambishi "-ni", kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ikaanza kazi mwaka 1930 kwa ajili ya Tanganyika, Zanzibar, Kenya na Uganda. Burundi, iliyokuwa chini ya Wabelgiji tangu 1916, haikuwamo.

"-ni" ilikuja baadaye, na ilikuja na watu. Waliokimbia mauaji ya 1972, pamoja na watoto wao waliozaliwa Tanzania, walianza kurudi kwa wingi mwaka 2008, wengi wao kusini, Rumonge na Nyanza-Lac. Wakasema "shambani" mbele ya jirani asemaye "ku shamba". Pale ambapo shamba lenyewe linagombaniwa, silabi hiyo moja hutangaza mtu katoka wapi. Darasani, alama hupewa wa kwanza. Wa pili huchekwa.

Sasa tutazame sarufi. "Mu" haikufa katika Kiswahili sanifu, ilihama tu. Tunasema "nyumbani mwangu", "humu", "yumo". "Ziwani" peke yake haielezi kama ni ndani au kando. Upatanisho ndio unaoeleza: "yumo ziwani", "yuko ziwani". Mtoto wa Minago anayo tofauti hiyo tangu utotoni, ila ameiweka mbele ya nomino. Kinachomshinda ni "mwangu": husema "mu nyumba yangu", kama vile sisi tusemavyo "katika nyumba yangu", na kwa hakika "mu" yake inafanana zaidi na "katika" kuliko "-ni". (Majina ya miji ni kisa kingine: Kirundi husema "i Gitega", nasi twasema "Gitega" tu.)

Siku hizi naanza somo la "yumo" na "yuko" kwa kuwauliza wanafunzi wa ufukoni wanasemaje nyumbani, kisha wenzao waliokulia Tanzania wanawajibu kwa "-ni". Katika mtihani bado nasahihisha "mu ziwa", maana mtihani ni wa Kiswahili sanifu. Lakini pembeni naandika "yumo ziwani", si "ziwani" tu kama nilivyofanya siku ile.