Sasipensheni ya mbele: Kinachoamua usalama wa chombo kati ya Kasulu na Kibondo

MAGURUDUMU ya mbele ndiyo hubeba wajibu mzito kuliko sehemu nyingine za chombo cha moto. Huelekeza safari, hupokea uzito wakati wa kufunga breki, na huwa ya kwanza kuingia shimoni. Kazi hiyo huwa ngumu zaidi katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, ambako chombo kimoja hulazimika kupita kwenye lami, changarawe na tope jekundu katika safari moja.

Barabara kuu ya Kigoma–Kasulu–Kibondo–Nyakanazi ilikuwa ya vumbi kwa miongo mingi. Katika miaka ya 2000, ujambazi ulipokithiri maeneo ya mapori, mabasi yalisindikizwa na askari wenye silaha katika baadhi ya vipande. Kuharibikiwa gari hapo halikuwa jambo la usumbufu tu. Mwaka 2018 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha fedha za kujenga kwa lami sehemu ya Kabingo–Kasulu–Manyovu, yenye urefu wa takriban kilometa 260. Lami hiyo imeleta neema, lakini imeleta pia mwendo wa kasi, na shokapu iliyokufa ambayo dereva aliizoea kwa mwendo wa kilometa 40 kwa saa huwa hatari anapofika 90.

Sasipensheni ya mbele ina sehemu kuu tatu. Springi hubeba uzito na kunyumbulika gurudumu linapokutana na tuta au shimo. Shokapu huituliza springi hiyo isiendelee kurukaruka, kwa kulazimisha mafuta yapenye katika matundu madogo. Viungo, yaani bushi, boljointi na tairodi, huruhusu gurudumu kupanda, kushuka na kukata kona bila kupoteza mwelekeo wake. Wengi hudhani kuwa shokapu ndiyo inayobeba gari. Dhana hiyo ni potofu, na huwagharimu fedha wale wanaonunua shokapu mpya ilhali springi ndiyo iliyolala.

Miundo hutofautiana. Toyota Probox hutumia muundo wa MacPherson, uliobuniwa na Mmarekani Earle S. MacPherson katika miaka ya 1940, ambapo springi na shokapu hukaa pamoja katika mhimili mmoja. Hiace zilizoanza kutengenezwa mwaka 2004 hutumia nondo za chuma zinazojisokota badala ya springi za mzunguko. Land Cruiser za familia ya 70, ambazo ni maarufu kwa taasisi na mashirika ya misaada yaliyohudumia kambi za Nyarugusu na Nduta, zilikuwa na springi za vyuma bapa mbele hadi mwaka 1999, zilipobadilishwa na kuwekewa za mzunguko. Za zamani huvumilia mzigo na adha, lakini abiria huzilipia kwa mgongo.

Adui mkubwa wa shokapu katika barabara za changarawe si shimo, bali vile vituta vidogo vilivyojipanga mithili ya mawimbi. Madereva wengi huamini kuwa husababishwa na springi mbovu za malori. Mwaka 2007 watafiti Nicolas Taberlet, Stephen Morris na Jim McElwaine walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya kwa kuzungusha gurudumu dogo juu ya mchanga. Vituta vilijitokeza hata pale gurudumu lilipokuwa halina springi kabisa, mradi tu mwendo umevuka kiwango fulani. Chanzo, kwa hiyo, ni kasi. Katika barabara ya aina hiyo shokapu hupanda na kushuka mara nyingi kwa sekunde, mafuta yake hupata moto na kutoa povu, na nguvu yake hupungua bila dereva kufahamu. Zile zenye gesi ya naitrojeni hustahimili zaidi kwa sababu gesi hiyo huzuia povu.

Kanuni za urekebishaji huonekana waziwazi katika vigari vidogo vinavyoongozwa kwa redio. Kampuni ya Tamiya ya Japani ilitoa kigari cha Porsche 934 mwaka 1976, na Kyosho ikaleta Mini-Z mwaka 1999, kigari kinachoenea kiganjani. Wachezaji wake hubadilisha springi ndogo za mbele ili kupata tofauti ya mwenendo. Springi laini mbele huongeza mshiko wa matairi ya mbele, na kigari hukata kona kwa urahisi. Springi ngumu hufanya pua isukumwe nje ya kona. (Watoto wa vijijini wanaojitengenezea magari ya waya na magurudumu ya kandambili hawana anasa hiyo, waya wenyewe ndio springi.)

Gari kubwa hufuata kanuni hiyo hiyo. Anayeweka springi ngumu mbele ili gari “lisilale” mara nyingi hushangaa kuona haligeuki vyema kwenye changarawe. Kuna pia mtindo wa kuinua gari dogo kwa kuweka vipande vya chuma au mpira juu ya springi. Gari hupita kwenye mawe bila kugusa tumbo, jambo ambalo lina faida yake, lakini kitovu cha uzito hupanda, ekseli hujipinda kupita kiasi, na pembe za magurudumu huvurugika. Atakayeinua gari bila kupima pembe upya atalipa kwa matairi.

Pembe hizo ni tatu. Kemba ni jinsi gurudumu linavyolala kuelekea ndani au nje likitazamwa kwa mbele. Likilala sana ndani, tairi huisha upande wa ndani. Kasta ni mwinamo wa mhimili wa usukani kuelekea nyuma, nao ndio unaoufanya usukani urudi wenyewe baada ya kona. Tou ni tofauti ya umbali kati ya magurudumu mawili yakipimwa mbele na nyuma yake. Tou iliyopotoka kwa milimeta chache tu huweza kumaliza tairi jipya mapema, na mkono ukipitishwa juu ya tairi huhisi makali kama ya msumeno.

Mpangilio wa kazi una umuhimu wake. Kwanza upepo wa matairi, kisha viungo vilivyolegea, kisha kimo cha gari, ndipo kasta na kemba. Tou hupimwa mwisho, kwa kuwa kila badiliko la awali huigusa. Kurekebisha pembe wakati boljointi imelegea ni kupoteza fedha.

Kuhusu upepo, kuupunguza kidogo kwenye changarawe hulainisha safari na kuongeza mshiko. Lakini ni lazima urudishwe kabla ya kuingia kwenye lami. Tairi lenye upepo mdogo likikimbizwa hupata joto na huweza kupasuka, na kuteremka kutoka milima ya Kasulu kuelekea Ziwa Tanganyika, lililo takriban meta 773 juu ya usawa wa bahari, si mahali pa kupasukiwa tairi la mbele.

Bodaboda wana tatizo lao. Magunia ya maharage au mahindi hufungwa nyuma, hivyo gurudumu la mbele huwa jepesi na usukani huyumba kwenye mteremko. Vumbi la kiangazi hukata sili za foki, mafuta huvuja, na upande mmoja huwa laini kuliko mwingine. Mafuta ya foki yanapaswa kuwa sawa pande zote mbili.

Pale pasipo mashine ya kupimia, tou hupimwa kwa futi na chaki. Gari huwekwa mahali tambarare, usukani ukiwa umenyooka. Alama hutiwa katikati ya kila tairi la mbele, kwa nyuma, katika kimo cha ekseli, na umbali kati ya alama hizo huandikwa. Gari husukumwa mbele hadi alama zifike upande wa mbele kwa kimo kile kile, kisha hupimwa tena. Tofauti hulinganishwa na kipimo cha mtengenezaji, na hupimwa upya baada ya kila tairodi inayobadilishwa.