Kitanda cha Bembea na Chandarua Chake

Columbus alipofika visiwa vya Bahama mwaka 1492, aliwakuta wenyeji wakilala juu ya nyavu za pamba zilizotundikwa. Wao waliziita hamaka. Wengi wao waliangamia baadaye kwa maradhi na utumwa, walakini kitanda chao kilisafiri pamoja na wageni. Katika manowari za Uingereza kila baharia aliwekewa nafasi ya inchi 14 tu. Kulipopambazuka alikikunja kitanda chake, akakifunga barabara kwa kamba, akakipeleka ubavuni mwa merikebu, ambako vitanda vyote vilipangwa viwe kinga ya risasi.

Nchi kavu adui ni mwingine. Mwaka 1897, huko India, Ronald Ross aliona vijidudu vya malaria ndani ya mbu. Basi, msomaji, ukilala katika bembea usidhani kufunikwa juu kwatosha: chini hapana godoro, na mbu hupenyeza mdomo katika kitambaa. Tundika kitanda kwanza, kisha chandarua juu ya kamba yake, kikizunguke chote hata chini ya mgongo. Wakati wa kuondoka anza na chandarua, nacho ukitazame vema kabla ya kukikunja, maana mbu hahitaji mlango mpana.