Hitilafu za umeme na sensa katika malori ya zamani ya dizeli

Hitilafu za umeme na sensa ni chanzo cha usumbufu mwingi katika malori ya dizeli yaliyokula miaka: gari linakataa kuwaka, linakosa nguvu mlimani, linazima ghafla njiani, au geji inaonyesha injini inachemka ilhali rejeta ni vuguvugu. Vitabu huandika kihisio. Gereji husema sensa, na neno hilo halina uhusiano na kuhesabu watu. Sensa ndiyo hulaumiwa kwanza na kununuliwa kwanza, lakini katika gari kuukuu kasoro huwa zaidi kwenye betri, ethi na waya zinazoihudumia.

Injini ya dizeli haihitaji cheche, kwa kuwa hewa iliyogandamizwa ndani ya silinda hupata joto la kutosha kuwasha mafuta. Pampu za kimakanika, ambazo Bosch ilianza kuzitengeneza kwa wingi mwaka 1927, ziliendesha malori kwa miongo mingi huku umeme ukibaki kazi ya stata, taa na geji. Mambo yaligeuka miaka ya 1990. Volvo FH ilipotoka mwaka 1993 na Mercedes-Benz Actros mwaka 1996, kiasi cha dizeli na wakati wa kuinyunyiza viliamuliwa na kompyuta, ambayo mafundi wengi huiita kontroli boksi. Malori ya kizazi hicho, mengi yakiwa yameingia kama mitumba, bado yanabeba mizigo kutoka bandari za Mombasa na Dar es Salaam kwenda nchi za bara.

Betri na chaji

Lori kubwa hutumia betri mbili za volti 12 zilizoungwa mfululizo kupata volti 24. Zikiwa zimejaa na injini imezimwa, testa husoma kati ya 25.2 na 25.6. Injini ikiunguruma, altaneta ikiwa nzima, husoma kama 27.5 hadi 28.5. Wakati wa kupiga stata zisishuke chini ya 19 hivi. Zikishuka zaidi, kontroli boksi yaweza kujizima na kuacha namba za makosa ya sensa ambazo hazina kasoro yoyote.

Kuna kosa moja linalojirudia mno: redio ya volti 12 kuungwa kwenye betri moja kati ya hizo mbili. Betri hiyo hutumika zaidi ya mwenzake lakini hupokea chaji ileile, hivyo hubaki na njaa, na ile nyingine hushiba kupita kiasi hadi maji yake yanachemka na kukauka. Mwenye gari hununua betri mpya, baada ya miezi michache hali inarudi palepale, na lawama inaangukia altaneta. Dawa ni kifaa cha kupunguza volti 24 kuwa 12, na bei yake ni ndogo kuliko betri.

Ethi

Ethi ni njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia bodi, chasisi na injini. Kutu, rangi na chumvi ya pwani huiziba taratibu. Fundi akiipima kwa mlio wa testa atasikia inalia na kudhani ni nzima, kumbe mlio huo unapima kwa umeme mdogo sana. Stata ikivuta ampea 300, ukinzani wa omu 0.01 tu, ambao testa ya kawaida haiwezi kuuona, humeza volti 3.

Kipimo cha kuaminika hufanywa mzigo ukiwa unavuta. Ncha moja ya testa huwekwa kwenye nguzo hasi ya betri (nguzo yenyewe, si kibanio chake), nyingine kwenye chuma kisafi cha injini, kisha mtu mwingine anapiga stata. Volti zikizidi 0.5, ethi ni mbovu, na sehemu ya kuanzia ni boliti zake: zifunguliwe, zisuguliwe hadi chuma king'ae, zikazwe upya. Kwenye tela dalili ni rahisi zaidi. Dereva akiwasha indiketa, taa za nyuma nazo zinaanza kukonyeza. Hapo ni ethi ya soketi ya tela, yaani pini namba 1 katika soketi ya kawaida ya pini saba ya volti 24.

Sensa zenyewe

Sensa ya joto la maji huwa na waya mbili. Ukinzani wake hupungua kadiri joto linavyopanda: aina moja ya Bosch iliyoenea sana husoma takriban omu 2,500 kwenye nyuzi 20 za Selsiasi, omu 320 kwenye nyuzi 80, na chini ya 190 maji yakifika nyuzi 100. Kontroli boksi huipelekea volti 5 na kusoma kinachobaki.

Kutokana na hilo fundi anaweza kujua mkosaji bila kununua kitu. Katika utaratibu wa namba wa SAE J1939, joto la maji ni namba 110. Kiambatisho 3 kinamaanisha volti zimezidi, 4 zimepungua. Kompyuta ya kupimia ikionyesha 110 na 4, chomoa soketi ya sensa. Kosa likigeuka kuwa 3, waya na boksi ni vizima, sensa ndiyo iliyokufa. Likibaki 4, waya umechubuka mahali fulani na unagusa bodi. Kosa likiwa 3 tangu mwanzo, unganisha pini mbili za soketi kwa kipande cha waya. Likigeuka 4, badilisha sensa. Lisipogeuka, tafuta waya uliokatika.

Jaribio hilo la kuunganisha pini lisifanywe kwenye sensa za presha zenye waya tatu, kwani mojawapo ni volti 5 za moja kwa moja. Sensa kadhaa hunywa kutoka laini hiyo moja. Zikionekana zimekufa tatu au nne siku ileile, chomoa moja baada ya nyingine huku ukipima laini. Volti 5 zitarudi ukifika kwenye ile yenye shoti.

Sensa ya mzunguko wa injini, aina ya sumaku na koili, huzalisha umeme wake yenyewe. Vumbi la chuma likiganda kwenye ncha yake, injini huzungushwa bila kuwaka. Kuifuta kwa kitambaa hutosha mara nyingi.

Matengenezo ya njiani

Waya zilizosokotwa kwa mkono na kufungwa utepe, na fyuzi iliyobadilishwa kwa uzi wa shaba, zimeunguza malori mengi kuliko uzee. Hatari kubwa zaidi ni kuchomelea. Kabla ya kuchomelea chasisi, chomoa betri na soketi za kontroli boksi, na ubane ethi ya mashine karibu na mahali panapochomelewa. Umeme huo ukipita kwenye waya za gari, boksi huweza kufa bila moshi, na kompyuta ya kupimia haitaonyesha kosa lolote, kwa sababu upande wa pili hakuna wa kuijibu.