Miche kwenye Meza ya Bwana

Katika masomo yangu ya historia ya dini, hakuna mkoa unaonivuta kama Masvingo, Zimbabwe. Huko Washona walikuwa na misitu iitwayo marambatemwa, yaani iliyokataa kukatwa. Wakubwa wa ukoo walizikwa humo, na shoka halikuingia. Wamisionari wengi waliuona mwiko huo kuwa ushirikina.

Vita vya ukombozi vilikwisha mwaka 1980, lakini ardhi ilibaki imechakaa. Mwaka 1988 machifu, watu wa mizimu na wapiganaji wa zamani waliunda chama cha kupanda miti. Makanisa huru ya Kiafrika yaliunda chao mwaka 1991, yakishirikiana na mwanateolojia Inus Daneel.

Ibada yao ndiyo inayonishangaza. Waumini waliungama hadharani: wamekata miti bila kupanda, wamelima kingo za mito. Kisha walisogea kwenye Ushirika Mtakatifu wakiwa na miche mikononi, wakaenda kuipanda kwa nyimbo na kucheza.

Naamini nyimbo hizo hazikuwa pambo. Hotuba unaweza kuisikiliza ukanyamaza. Wimbo unadai sauti yako, na jirani anakusikia ukiitikia. Kesho yake si rahisi kumpitia ukiwa na shoka begani.

Vyama hivyo vilibaki viwili: kimoja kikipitia kwa mizimu, kingine kwa Kristo. Lakini vyote vilimwita Mungu Mwari, na kilichokuwa mwiko kwa wazee kilirudi kanisani kama dhambi ya kutubiwa.