Kutoka Ushanga wa Venice hadi Mkoba wa Florence: Tarehe ya Mapambo Kiptere

Anayeshuka kutoka Kapsoit kwa njia iendayo Sondu, akiyapa kisogo mashamba makubwa ya chai, hufika Kiptere, kituo cha soko katika nchi ya Sigowet, upande ule wa Kericho unaoteremka kuelekea Ziwa la Victoria. Na siku ya soko, kando ya mahindi, maharagwe na ndizi, huona maturubai yaliyotandikwa chini, yamejaa mikoba, mishipi, viatu na skafu zilizokwisha kutumiwa na watu wa nchi za mbali. Mwanamke anayeinama juu ya lundo lile, akaugeuza mkoba ndani nje, akapapasa pindo lake kwa kidole gumba, akavuta zipu mara mbili, kisha akaurudisha bila ya kusema neno, aghalabu hudhaniwa na wapita njia kuwa anatafuta kitu cha bei rahisi tu. Hukumu hiyo ni ya haraka, na tarehe ya mahali hapa haiiungi mkono hata kidogo. Maana mwanamke yule anatumia elimu ambayo nyanya zake walikuwa nayo kabla ya mkoba wowote wa Ulaya kufika katika vilima hivi.

Kabla ya reli ya Waingereza kufika, Wakipsigis, wenyeji wa vilima hivi, walikuwa na mapambo yao yenye daraja na kanuni. Mavazi ya wanawake yalikuwa ngozi zilizokwanguliwa, zikapakwa mafuta na kufikichwa mpaka zikalainika, kisha zikatiwa ushanga pindoni. Ndewe za masikio zilitobolewa na kupanuliwa ili zibebe vipande vya mti na mikufu. Shingo na mikono ilizungushiwa seng'enge za chuma na za shaba. Pambo halikuwa urembo mtupu. Lilimjulisha mtazamaji hirimu ya mtu, kwamba huyu ni mwari, huyu ameolewa, huyu ni mama wa watoto wakubwa. Na mwenye kuvaa lisilomhusu alijitia aibuni. Katika arusi bwana na bibi walifungana mkononi segutiet, kikuku cha nyasi, ambacho sokoni hakingepata hata thamani ya punje ya wimbi, walakini hapakuwa na mifugo wala mali ambayo ingeweza kukinunua. Hata kibuyu cha maziwa, sotet, chombo cha mursik, yaani maziwa ya mgando, kilivikwa ngozi na kutiwa ushanga, na kilipopata ufa hakikutupwa, bali kilishonwa kwa subira, na mshono ule ukawa sehemu ya jamala yake. Napenda msomaji akae kidogo na kibuyu hicho kilichoshonwa, kwa sababu fikra iliyomo ndani yake, kwamba kitu kizuri kilichozeeka na kutengenezwa tena kina heshima kuliko kipya kisicho na ustadi, ndiyo ile ile ambayo leo inawafanya matajiri wa Paris na New York walipe fedha nyingi kwa mkoba uliotumiwa na mtu mwingine miaka hamsini iliyopita.

Ushanga wenyewe ulikuwa bidhaa ya anasa kutoka ng'ambo. Sehemu kubwa ya ule wa kioo ilitengenezwa Venice na katika kisiwa chake cha Murano, ikavuka bahari mpaka Unguja, ikafungwa mizigo na kubebwa na wapagazi bara, ikaja kupita mkono hadi mkono, baina ya jirani na jirani, mpaka ikafika kwa watu ambao hawakumwona kamwe mfanya biashara wa pwani. Richard Burton, msafiri Mwingereza aliyefika Unguja mwishoni mwa mwaka 1856 na kukitoa kitabu chake cha safari za maziwa makuu mwaka 1860, aliandika kwamba aina za ushanga katika biashara ile zilikaribia 400, na kila moja ilikuwa na jina lake, bei yake na nchi yake ya kutakiwa. Na aina moja nyekundu, samesame, ilipewa pia jina la kivunja-mji, kwa jinsi wanawake walivyoipenda hata wakawa tayari kufilisi nyumba zao kwa ajili yake. Joseph Thomson naye, alipopita Umasaini mwaka 1883 akielekea Ziwa la Victoria, ilimbidi asimame Taveta ili watu wake watunge makumi ya maelfu ya nyuzi za ushanga, kwa kuwa Wamasai hawakuukubali usiotungwa kwa kipimo na namna waliyoizoea. Msafiri aliyebeba rangi isiyotakiwa, hata ikiwa nzuri namna gani machoni pake, alikuwa amebeba mawe.

Wamasai walikuwa majirani wa Wakipsigis, wakati mwingine maadui na wakati mwingine wanunuzi na wauzaji, na mapambo ya kaumu hizi mbili yaliathiriana sana. Kwa hiyo si kweli kwamba watu wa bara walipokea kila kilichong'aa. Walichagua, wakakataa, na kukataa kwao kulibadili kazi za mafundi wa kioo waliokaa kando ya bahari ya Adria, ambao hawakujua sura za wateja wao.

Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwezi wa Desemba mwaka 1901, na boma la Waingereza likawekwa Kericho mwaka uliofuata. Baada ya vita vya mwaka 1905 katika nchi ya Sotik, ambavyo viliwanyang'anya watu mifugo yao kwa maelfu, yakaja maduka ya Wahindi, na ndani yake blanketi, kaniki na merikani, na katika muda wa kizazi kimoja mavazi ya ngozi yalianza kurudi nyuma. Ardhi nayo ilichukuliwa. Mwaka 1919 serikali ya Kiingereza ilitenga eneo kubwa la Kericho kwa maofisa wake waliojeruhiwa katika Vita Kuu, nao wakapanda kitani, mmea ambao nyuzi zake wakati huo zilikuwa na bei kubwa. Mara bei ikaanguka, shirika lao likavunjika, na katikati ya miaka ya 1920 makampuni ya Brooke Bond na James Finlay yakaingia na kupanda chai. Kitani kile kilikuwa ndicho malighafi ya uzi unaopakwa nta na kushonewa matandiko ya farasi na mikoba ya daraja ya juu ya Ulaya. Almuradi vilima hivi vilikaribia, kwa miaka michache, kuwa shina la biashara ambayo leo vinapokea majani yake makavu tu.

Nyumba za Ulaya ambazo majina yake hutafutwa sasa katika malundo zilianza kama karakana za mafundi, si kama majina. Thierry Hermès alifungua karakana ya lijamu na matandiko Paris mwaka 1837. Louis Vuitton, fundi wa masanduku ya safari, alianza kazi yake mwaka 1854, na mwanawe Georges akatoa mwaka 1896 ile turubai yenye herufi na maua ambayo dunia nzima inaijua. Guccio Gucci, aliyekuwa mtumishi katika hoteli ya Savoy ya London na kuona kwa macho yake mizigo ya matajiri, alifungua duka Florence mwaka 1921. Na ngozi ilipokuwa adimu baada ya Vita Kuu vya Pili, mafundi wake walipinda mianzi kwa moto na kuifanya mishikio, na mkoba ule wa mwaka 1947 ukawa tunu. Wa Chanel, wenye mnyororo wa begani, ulitoka Februari mwaka 1955. Dhiki na safari ndizo zilizozaa vitu hivi. Fahari ilikuja baadaye.

Vilifikaje Kiptere? Vichache huenda vilikuja katika masanduku ya wake wa mameneja wa chai, ila njia iliyo kubwa ni ya mitumba. Kwa miaka mingi serikali ya Kenya ilizuia nguo kuukuu zisiingie kwa wingi, ili ivilinde viwanda vya nchi. Biashara ilipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, marobota yakamiminika bandarini Mombasa, na viwanda kama Kicomi cha Kisumu na Rivatex cha Eldoret vikazimika. Huo ni msiba, na anayesifu mitumba pasipo kuutaja hasemi kweli yote. Mwaka 2016 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ziliazimia kuiondoa biashara hii hatua kwa hatua, Marekani ikatishia kuziondolea fursa za soko lake, Kenya ikarudi nyuma, na Rwanda iliyoshikilia azimio ikasimamishiwa mwaka 2018 msamaha wa ushuru wa mavazi yake. Mwaka 2020, wakati wa maradhi ya korona, Kenya yenyewe ilizuia mitumba kwa miezi kadhaa, nayo masoko ya vijijini yakakauka.

Robota la mikoba hufunguliwa Gikomba jijini Nairobi au mjini Kericho, na walio karibu huchukua kwanza ile bora, ambayo wachuuzi huiita kamera; inayobaki mwisho ni fagia, na bei yake hushuka mpaka chini kabisa. Mchuuzi wa Kiptere, ambaye yuko mbali na mlango wa robota, hupata vilivyopita mikononi mwa wengi, na ndiyo maana kwake jicho ni mtaji kuliko fedha. Siku za bonasi, wakulima wa viwanda vya KTDA, shirika la chai la wakulima wadogo, wanapolipwa baki ya chai yao, mwanamke aliyechuma majani mwaka mzima hupata wasaa wa kujinunulia kitu kisicho cha jikoni wala cha ada ya shule, na sioni kwa nini mtu amlaumu.

Naye hutazama nini? Uzito kwanza, maana ngozi ya kweli hulala mkononi, na ya plastiki hukaa kama iliyopulizwa. Kisha mshono: ule wa sindano mbili unaofanywa kwa mkono huinama kidogo upande mmoja, na uzi mmoja ukikatika wa pili hushikilia, hali ule wa mashine huweza kufumuka wote. Kisha shaba, kama imechakaa kwa kupauka au kwa kubanduka rangi. Kisha ngozi nyeupe ya mishikio ya Vuitton, ambayo kwa jua na jasho hugeuka rangi ya asali na haiwezi kuigwa kwa siku moja. Mikoba ya nyumba hiyo iliyotengenezwa baina ya miaka ya 1980 na 2021 ina alama ndogo ya mahali na wakati, iliyofichwa ndani. Lakini ghushi nazo zina alama, tena zilizochapwa vizuri. Jina ndilo kitu chepesi kuliko vyote kuiga. Kazi ni ngumu kuigwa, na mwenye kuijua kazi hahadaiki na jina.

Kenya ina ng'ombe na mbuzi kwa mamilioni, na sehemu kubwa ya ngozi zake huuzwa nje kabla ya kumalizwa, nyingine zikienda Italia yenyewe. Ngozi huondoka ikiwa mali ghafi na hurejea, baada ya kuchakaa begani mwa mgeni, ikiwa mkoba wa robota. Wakati huo huo mavazi ya ngozi ya Wakipsigis, vibuyu vilivyoshonwa na vikuku vya seng'enge vinaozea darini, au vinanunuliwa kwa fedha kidogo na watu wanaokwenda kuviuza ng'ambo kama tunu za Afrika. Ewe msomaji uliye na nyanya aliye hai katika Sigowet, Bureti au Sotik, mwendee sasa, umwombe akufungulie sanduku lake, na umwulize kila kitu kilichomo kilitengenezwa na nani, kwa ngozi gani, kwa mshono gani na kwa sababu gani. Uyaandike majibu yake, na mtu akija na fedha mkononi kukitaka kibuyu kile, usikiuze.